Tezi ya thairoidi: kusoma kipimo cha TSH na kumeza dawa isipotee bure

Tezi ya thairoidi na tezi dume ni vitu viwili tofauti kabisa, ingawa mitaani zote huitwa "tezi" tu. Hii ya thairoidi ipo mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, imelala juu ya koo la hewa kama kipepeo aliyekunjua mbawa. Kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 15 hadi 25 hivi. Hunasa madini joto (iodini) yaliyomo kwenye damu na kuyatumia kutengeneza homoni mbili: T4, yenye atomi nne za iodini, na T3, yenye tatu. T4 ndiyo nyingi, na ni kama akiba. Ini, figo na viungo vingine huinyofoa atomi moja ikawa T3, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye seli kupanga mapigo ya moyo, joto la mwili, mwendo wa utumbo, hedhi, na ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Kusoma karatasi ya majibu

TSH ni homoni, lakini haitoki kwenye thairoidi. Huitoa pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ili kuiamuru thairoidi ifanye kazi. Thairoidi ikizembea, pituitari hupaza sauti na TSH hupanda. Homoni zikijaa kwenye damu, pituitari hunyamaza na TSH hushuka hadi karibu na sifuri. Hapo ndipo wengi husoma kinyume: wakiona TSH ya 35 hudhani tezi inafanya kazi kupita kiasi, kumbe imelala.

Kwa mtu mzima asiye mjamzito kiwango cha kawaida huwa karibu 0.4 hadi 4.0 mIU/L, lakini fuata kile kilichochapishwa pembeni ya jibu lako, maana mashine za maabara hutofautiana. Kisha tazama T4 huru (FT4), yaani ile T4 isiyoshikwa na protini za damu. TSH juu na FT4 chini ni upungufu wa homoni: uchovu, kuhisi baridi wenzako wakitoka jasho, choo kigumu, ngozi kavu, hedhi nzito, uso kuvimba asubuhi. Sababu kubwa pale ambapo watu wanapata madini joto ya kutosha ni ugonjwa wa Hashimoto, ambapo kinga ya mwili huishambulia tezi yenyewe. TSH chini na FT4 juu ni homoni kuzidi, mara nyingi kwa sababu ya ugonjwa wa Graves: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukonda huku unakula vizuri, na wakati mwingine macho kutokeza.

TSH ikiwa kati ya 4 na 10 huku FT4 ni ya kawaida, usikimbilie dawa. Rudia kipimo baada ya miezi miwili au mitatu, kwa kuwa mara nyingi TSH hurudi kawaida yenyewe. Mjamzito, au anayetafuta mimba, hasubiri hivyo. Aonane na daktari mapema.

Kuna jibu moja linalopita bila kuonekana, nalo ni FT4 chini huku TSH ikiwa ya kawaida au chini. Hapa tatizo lipo kwenye pituitari. Mfikirie mama aliyetokwa na damu nyingi sana wakati wa kujifungua, maziwa hayakutoka, na hedhi haikurudi: pituitari yake huenda iliharibika kwa kukosa damu. Akipimwa TSH peke yake ataambiwa yuko sawa. Huyu lazima apimwe kwanza kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo ambayo nayo huamriwa na pituitari, kwa sababu akianzishiwa homoni ya thairoidi huku kotisoli imepungua anaweza kuzidiwa ghafla hata kufa.

Jambo jingine linalopotosha majibu ni bayotini, vitamini iliyomo kwenye vidonge vya kukuza nywele na kucha. Katika baadhi ya mashine hushusha TSH kwa uongo na kupandisha FT4, mtu akaonekana ana Graves. Acha kuitumia angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, na mtaje mtoa huduma unachokitumia.

Kumeza levothairoksini

Dawa ya upungufu ni levothairoksini, yaani T4 ileile. Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji takribani mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 hufikia karibu 100. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanza na 12.5 hadi 25 na kupandishwa polepole, kwa sababu moyo uliozoea kwenda taratibu hauhimili kusukumwa ghafla.

Dozi ikishindwa kufanya kazi, mara nyingi kosa halipo kwenye kidonge. Lipo kwenye kikombe cha asubuhi. Meza kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, kisha subiri dakika 30 hadi 60 kabla ya chai, kahawa au chakula. Chai ya maziwa, kahawa na uji wenye soya hupunguza kiasi kinachofyonzwa. Vidonge vya madini ya chuma, kalisi na dawa za kiungulia huishika dawa tumboni, kwa hiyo vikae mbali nayo kwa saa 4. Hili ni muhimu mno kwa wajawazito, ambao hupewa vidonge vya kuongeza damu kliniki na wengi huvimeza pamoja na dawa zote nyingine kwa mkupuo mmoja. Levothairoksini iwe alfajiri, vya damu viwe jioni.

Asiyeweza kusubiri asubuhi ameze usiku, muda wa saa tatu au zaidi ukiwa umepita tangu mlo wa mwisho. Wakati wa Ramadhani njia hii ndiyo nyepesi. Nyingine ni kuamka mapema na kumeza nusu saa au zaidi kabla ya daku. Chagua moja na udumu nayo.

T4 hubaki mwilini muda mrefu: nusu yake huondoka baada ya siku 7 hivi. Kwa hiyo kusahau siku moja hakuleti madhara; ukikumbuka siku hiyohiyo meza, la sivyo endelea na dozi ya kesho. Kwa sababu hiyohiyo, kipimo cha wiki mbili baada ya kubadili dozi ni hela iliyopotea. Pima baada ya wiki 6 hadi 8. Na usiongeze dozi ili upungue uzito: TSH ikikaa chini ya 0.1 muda mrefu, mifupa hudhoofika na mapigo ya moyo huvurugika.

Vidonge viache kwenye pakiti yake, mbali na jiko, dirisha la jua na gari. Joto na unyevu huviharibu.

Ukigundua una mimba, mpigie daktari siku hiyohiyo. Mahitaji hupanda mapema, na mara nyingi ushauri ni kumeza vidonge 9 kwa wiki badala ya 7 mpaka upimwe.

Anayetumia kabimazoli

Hii hutibu homoni zilizozidi. Hatari yake ni adimu lakini ni kali: kuporomoka kwa chembe nyeupe za damu, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Ukipata homa, koo kuuma au vidonda mdomoni, acha dawa na upimwe picha nzima ya damu siku hiyo. Usisubiri kuthibitisha kama ni malaria.

Rovu (uvimbe wa tezi ya thairoidi) na madini joto

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku, mjamzito 250. Gramu 5 za chumvi, kama kijiko kimoja cha chai, yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo, hutoa hizo 150. Ifunike vizuri, iweke pakavu mbali na moto, na uitie chungu kikikaribia kuiva. Muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha huzuia tezi kunasa iodini. Kwenye kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, ndivyo ulivyozidisha rovu pale ambapo iodini ilikuwa tayari haba.

Mwenye rovu la miaka mingi asijitibu kwa matone ya iodini wala mwani unaouzwa kama dawa. Tezi yenye vinundu ikimiminiwa iodini ghafla inaweza kulipuka na kutoa homoni kupita kiasi.

Kujikagua: simama mbele ya kioo, inua kidevu, kunywa funda la maji na uangalie chini ya kikoromeo unapomeza. Uvimbe unaopanda na kushuka pamoja na kumeza huwa kwa kawaida umetoka kwenye thairoidi. Mwenye uvimbe huo apigwe picha ya altrasaundi na apimwe TSH. Uvimbe ukikua haraka, ukiwa mgumu, sauti ikikwaruza au kupumua kukiwa kwa shida ukilala chali, nenda hospitali wiki hiyohiyo, na ukishindwa kupumua, nenda sasa hivi.