Kubadilisha Fenibelti na Tenshena Nyumbani

Mkanda wenye mbavu unaozungusha altaneta, kompresa ya kiyoyozi na, katika magari mengi, pampu ya maji, mafundi wetu hapa Tabora bado huuita fenibelti, ingawa feni ya gari dogo la siku hizi huzungushwa na mota yake ya umeme. Mkanda huo ukipiga kelele asubuhi gari linapowashwa, wengi hununua mkanda peke yake. Nami nilifanya hivyo kiangazi kimoja, na baada ya wiki chache kelele zikarudi, kwa kuwa kilichochoka hasa kilikuwa tenshena, yaani kikaza mkanda chenye springi, ambacho beringi yake ilikuwa imeingia vumbi. Tangu hapo hubadilisha vyote viwili kwa pamoja.

Kabla ya kwenda dukani, soma namba iliyo mgongoni mwa mkanda wa zamani: 6PK1880, kwa mfano, ni mkanda wa mbavu 6 wenye urefu wa milimita 1880.

Injini iwe imepoa, ufunguo uwe mfukoni mwako, na waya hasi wa betri uwe umefunguliwa. Kisha chora njia ya mkanda kabla hujaugusa, hata kama una picha kwenye simu. Mimi huchora kwenye kipande cha boksi, kila puli, yaani gurudumu ambalo mkanda hulipitia, duara lake, na kutia alama yale ambayo mkanda huyapitia kwa mgongo wake laini, kwa sababu hapo ndipo watu hukosea.

Weka spana ya mpini mrefu kwenye sehemu ya tenshena iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, uizungushe taratibu kuelekea upande unaolegeza mkanda. Upande huo hutofautiana kati ya injini na injini, kwa hiyo tazama mkono wa tenshena: ukisogea, mkanda unalegea, ukiona bolti inafunguka huku mkono umetulia, acha mara moja. Chomoa mkanda kwenye puli iliyo rahisi kufikika, kisha urudishe mkono polepole, maana springi hiyo ina nguvu ya kuumiza vidole.

Sasa zungusha kila puli kwa mkono. Inayokwaruza kama ina mchanga ndani, au inayoyumba, beringi yake imekwisha. Safisha mifereji ya puli kwa mswaki mkavu, na ukikuta oili, ziba kwanza inakovujia.

Fungua tenshena ya zamani uitoe. Tenshena mpya mara nyingi huwa na kipini nyuma ambacho lazima kiingie kwenye tundu lake. Anza bolti kwa vidole, kisha ukaze kwa kipimo cha mtengenezaji, kwani ukizidisha nguvu kwenye aluminiamu, nyuzi za tundu la bolti hukatika.

Vika mkanda kuanzia puli ya chini, kisha zungusha tena tenshena kama mwanzo ili umalizie na puli laini, na urudishe mkono wake polepole. Pitisha kidole kwenye kila ukingo. Ubavu mmoja ukibaki nje, mkanda utachanika mapema. Funga betri, washa injini kwa sekunde chache, zima, ukague tena. Halafu washa taa na kiyoyozi ili mkanda ubebe mzigo. Usipake sabuni wala grisi kamwe.

Mkanda wa zamani, kama haujapasuka, mimi huukunja na kuuweka karibu na tairi la akiba, kwani njia ya Mpanda kupitia Sikonge ina msitu mrefu usio na duka la spea.