Ukipumzisha Shamba, Jua Mimea Inavyopokezana Zamu

Shamba likiachwa msimu mmoja tu, wa kwanza kuingia ni wale wale unaowachukia: kishona nguo, mchicha pori na wenzao. Mbegu zao zilikuwa humo humo ardhini zikingoja jua. Huota upesi, huzaa mbegu nyingi, hufa mapema. Mpita njia ataona uvivu wa mwenye shamba, lakini kazi imeshaanza, maana tone la mvua sasa linapiga jani badala ya kuupiga udongo mtupu.

Baada ya mwaka mmoja au miwili nyasi za kudumu huwapiku. Mizizi yake hushika udongo, na kila mzizi unaooza huacha kitundu cha kupitishia maji na hewa. Hufuata vichaka, halafu miti inayopenda jua, kisha ile inayovumilia kivuli. Usinitake nikupe kalenda. Kasi hutegemea mvua, uchovu wa udongo na umbali wa miti yenye mbegu.

Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, kipande cha shamba la ngano kiliachwa mwaka 1882 bila kuvunwa, kikazungushiwa uzio. Miaka 4 baadaye ngano iliyobaki ilikuwa mashina machache yaliyodumaa, magugu yameimeza. Sehemu ambayo haikuguswa kabisa leo ni msitu. Sehemu ya pili yake miche ya miti iling'olewa kila mwaka, ikabaki majani na nyasi. Udongo ulikuwa ule ule; kilichotofautiana ni mkono wa mtu tu. Kwa hiyo hatua ambayo shamba lako litaishia, kwa kiasi kikubwa, unaiamua wewe.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kudhani kwamba kijani kikirudi, udongo nao umepona. Majani hufunika ardhi kwa msimu mmoja au miwili. Mboji hujengeka kwa miaka mingi. Chukua jembe, chimba shimo la kina cha shubiri moja, bonge la udongo uliweke kiganjani. Likivunjika kwa urahisi kuwa chembechembe, rangi yake imekoza kuliko udongo wa kwenye njia, na mizizi myembamba imelipenya pande zote, mambo yanaendelea vizuri. Likitoka kama tofali na mizizi imepinda kwenda pembeni, chini kuna tabaka gumu na bado una safari. Mahali ambapo udongo wa juu umeshasombwa hata magugu huchelewa. Hapo weka kwanza makinga maji na matandazo, ndipo utegemee mbegu kushika.

Kabla ya kununua miche, kagua visiki. Kisiki ambacho mizizi yake iko hai kimeshautangulia mbali mche wowote, kwa sababu mizizi tayari iko chini kwenye unyevu. Chagua machipukizi 3 hadi 5 yaliyonyooka, kata mengine, na punguza matawi ya chini. Tangu miaka ya 1980 wakulima wa kusini mwa Niger wamerudisha miti kwa njia hii kwenye takriban hekta milioni 5, na mengi ya mashamba hayo yanaendelea kulimwa.

Moto hurudisha kila kitu mwanzo. Hula nyasi kavu ambazo zingekuwa mboji, huua miche ya vichaka na kuwaachia nafasi magugu ya zamu ya kwanza, kwa hiyo fyeka ukanda wa kuzuia moto kabla ya kiangazi kukomaa. Mifugo isiingie mapema; kata majani uwapelekee zizini. Mti mmoja mmoja ulioachwa katikati husaidia pia: ndege hutua, na chini yake utaona miche usiyoipanda.

Kama huna nafasi ya kungoja, ruka zamu. Panda sesbania au mbaazi kwa misimu miwili. Mikunde hii huongeza naitrojeni, kirutubisho cha mimea, na kivuli chake huyadhoofisha magugu. Vichaka vamizi kama lantana na mathenge vikitokea, ving'oe vikiwa bado vidogo. Hivyo havipokezani zamu na yeyote, vikishika vimeshika.

Siku ya kurudi kulima, usichome. Fyeka, laza majani chini, bakiza miti yenye nafasi kati yake, kisha pasua mistari ya kupandia tu. Msimu wa kwanza weka zao linalokula sana naitrojeni, kama mahindi, kwa kuwa ndio wakati naitrojeni ipo kwa wingi. Mikunde ifuate msimu wa pili.