Kukagua unyevu wa chumba cha chini kabla ya kununua nyumba Bukavu

Nyumba nyingi za Bukavu zimejengwa kwa kuchimba mteremko, hivyo chumba cha chini huwa na ukuta mmoja ulioshikana na udongo wa kilima, huku upande wa pili ukitazama bonde au Ziwa Kivu. Ukuta huo wa nyuma ndio unaostahili sehemu kubwa ya muda wako, kwa kuwa udongo wetu wa mfinyanzi hushika maji ya mvua na kuyapitisha ukutani polepole, hata siku kadhaa baada ya anga kutakata.

Ukaguzi ufanyike msimu wa mvua, ikiwezekana kesho yake baada ya mvua kubwa. Anayeonyeshwa nyumba mwezi wa Julai, tena iliyotoka kupakwa rangi, aombe kurudi mvua zikianza Septemba. Simshauri yeyote atoe arbuni kabla ya hapo.

Ukiingia, vuta harufu kabla madirisha hayajafunguliwa, kisha omba makabati na vitanda visogezwe mbali na ukuta. Unga mweupe juu ya plasta ni chumvi iliyoachwa na maji yaliyopenya na kukauka, nao huyeyuka ukiugusa kwa kidole kilicholowa. Madoa meusi au ya kijani yasiyoyeyuka ni kuvu. Pima kimo cha doa kutoka sakafuni, utoke nje, ulinganishe na usawa wa udongo. Unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi kwa kawaida hauzidi mita 1 hivi, ilhali doa linalokoma pale udongo wa nje unapokoma hutokana na maji ya kilima.

Mwenye nyumba akisema ni jasho la ukuta tu, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe, ukizibe pande zote, na ukiache kwa siku 2. Matone yakiwa kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nailoni unaotazama chumba, ni mvuke wa chumbani, na kufungua madirisha kila siku huenda kukatosha. Funga pia bomba zote na utazame mita ya Regideso, shirika la maji: ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja.

Nje, angalia kama maji ya bati yana mfereji wa kuyapeleka mbali, na kama ukuta wa kuzuia udongo una matundu ya kutolea maji yasiyozibwa. Ukuta uliotuna au kuinama ni hatari ya maporomoko, na hapo achana na nyumba hiyo.

Plasta ya saruji ya ndani huficha maji kwa muda tu. Tiba ni kuchimba nyuma ya ukuta na kuweka mawe na bomba la kuondoa maji, kazi ambayo fundi mwashi aikadirie kabla hamjapatana bei. Mahali pa kuchimba pakiwa ndani ya kiwanja cha jirani, ridhaa yake ya maandishi itangulie. Akikataa, chumba hicho kihesabiwe kwenye bei kama stoo, wala wasilazwe watoto humo.