Ukitaka kwenda Marekani kufundisha Kiswahili

Kila mwaka watu hunifuata na swali lile lile: dada, ile nafasi uliipataje? Nilikuwa nafundisha kidato cha pili Muheza na sina mjomba ubalozini. Mpango unaitwa Fulbright FLTA, ni wa serikali ya Marekani, unapeleka walimu kwenye vyuo vya kule wafundishe lugha zao. Tangazo hutolewa na ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam kwa Watanzania, Nairobi kwa Wakenya. Kuomba ni bure. Ukimwona mtu anadai "hela ya fomu", mkimbie.

Unalipiwa nauli na bima, unapewa posho ya kujikimu, ila usiende ukidhani utarudi na hela ya kiwanja. Unakaa mwaka mmoja wa masomo, kama miezi tisa. Chuo unapangiwa, mimi niliangukia jimbo la Wisconsin. Mume na watoto unawaacha. Viza ni J-1, ile ya mipango ya kubadilishana, na ukimaliza unatakiwa kuishi nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu kule. Kama umeajiriwa, omba ruhusa mapema. Barua yangu ililala mezani kwa mtu miezi mitatu.

Kwenye insha, usiandike kwamba Kiswahili ni lugha yako ya kuzaliwa na unakipenda. Unaoshindana nao nao wamezaliwa nacho. Simulia kipindi kimoja: ulianzaje, wanafunzi walikwama wapi, ukafanyaje. Mimi nilisimulia nilivyoingia darasani na kapu la vyombo, kisu, kijiko, kikombe, kikaango, nikafundisha ngeli ya KI-VI. Siku ya usaili waliniuliza habari za kapu kuliko vyeti vyangu.

Kitu ambacho sikuambiwa na mtu ni kwamba Kiswahili chako cha nyumbani hakitakuokoa darasani. Mtoto wa Muheza akikosea, sikio lake mwenyewe linamrudisha. Yule wa Wisconsin anataka sababu. Wiki ya tatu kijana mmoja aliandika "kiboko kikubwa kinalala mtoni". Nikamwambia aandike "kiboko mkubwa analala". Akauliza: mwalimu, si ulisema ki- ni KI-VI? Nilibaki nimeshika chaki. Jibu lilinijia usiku kitandani: mnyama hufuata A-WA hata jina lake likianza na ki-. Kiboko kikubwa ni kile cha kuchapia.

Basi kabla ya kupanda ndege, tafuta mtu asiyejua Kiswahili hata chembe, mfundishe dakika 20 kila siku kwa wiki mbili, na uandike kila swali linalokushinda. Daftari hilo litakufaa kuliko kitabu chochote cha sarufi. Saa nazo zifundishe mapema. Nilimwambia binti mmoja aje ofisini saa nne. Alifika saa kumi jioni, akanikuta nafunga mlango.

Kosa langu kubwa lilikuwa la matokeo. Jaribio la kwanza niliyabandika ukutani, jina na alama, kama tunavyofanya huku. Profesa msimamizi aliyabandua kabla darasa halijafika, akaniketisha akanieleza kwamba kuna sheria ya 1974, FERPA, inayokataza kutangaza alama za mwanafunzi bila ridhaa yake. Tangu siku hiyo kila mtu nampa karatasi yake mkononi, imekunjwa.

Kufundisha hakuzidi saa 20 kwa wiki. Kinachochosha ni kwamba wewe pia ni mwanafunzi: masomo mawili kila muhula, moja lihusu Marekani. Shahada hupati. Chagua yenye kusoma kidogo, usijitie ujasiri kama mimi.

Koti usinunue huku. Langu nililichagua soko la Karume, Dar, la manyoya kabisa, na Novemba halikunifikisha hata kituo cha basi. Kule yapo maduka ya mitumba yenye makoti ya baridi yao kwa bei ya kutupa. Nafasi ya begi zipe kanga. Nilibeba sita, na kila Ijumaa nilitandaza moja mezani wasome jina lake. Mwezi wa Machi ilikuwa zamu ya "Wema hauozi". Yule yule wa kiboko akanyoosha mkono: hiyo "u" ya "hauozi" imetoka wapi? Safari hii sikuhitaji kusubiri usiku.