Mudi imekata na hujui kwanini? Anzia hapa

Kuna ile hali unaamka asubuhi, hujafiwa, hujaachwa, kodi umelipa, afu unajikuta huna hamu hata ya kupiga mswaki. Mtu akikuuliza una nini unajibu "sina kitu" na kweli huna cha kumwambia. Kama una miaka ishirini na kitu na upo hapa Dar inaweza ikakukuta vizuri tu, na haimaanishi umerogwa wala imani imepungua, japo najua kuna shangazi mmoja kwenye kila ukoo lazima akushauri ukaoge maji ya bahari. Kama unapenda bahari nenda, ila usiishie hapo.

Wengi wanaharibu pale wanapoanza kutafuta sababu saa nane usiku. Umelala unaangalia feni inazunguka unaanza kupekua maisha yako yote, labda ni yale matokeo ya fom foo, labda mzee hajawahi kunikubali, labda wenzangu wameshanunua viwanja mimi bado napanga chumba, na kila ukipekua unapata kingine. Kichwa kilichochoka hakikupi majibu, kinakusomea mashtaka. Sababu itafute mchana, tena kwenye karatasi.

Chukua daftari, au hata kwenye simu, kila jioni andika mstari mmoja: umelala na kuamka saa ngapi, umekula nini, umekunywa nini, umetoka au umeshinda ndani, na mudi yako kuanzia 0 mpaka 10. Kitu kama hiki: "Jumanne. Nimelala saa saba, nimeamka kumi na moja. Chai na andazi moja. Enaji mbili. Sijaongea na mtu zaidi ya konda. Mudi 3." Basi, usiandike insha maana utaacha siku ya tatu. Nenda hivyo wiki mbili, ila kama wewe ni mdada andika na siku zako na uende mizunguko miwili. Afu kaa chini uisome yote kwa mpigo.

Mara nyingi cha kwanza kuonekana ni usingizi. Mtu anakaa Mbagala au Gongo la Mboto, anaamka alfajiri kuwahi gari, anarudi usiku kachoka, afu anajilipa kwa kukaa na simu mpaka bando liishe, mwezi mzima hivyo, na bado anashangaa kwanini hana raha. Na enaji ndo zinamalizia, kafeini (kile kichangamshi kilichomo ndani yake) inachukua kama masaa matano hivi kupungua nusu mwilini, kwaiyo ile uliyopiga saa kumi na mbili jioni saa tano usiku nusu yake bado ipo inafanya kazi. Pombe nayo hivohivo, jioni inakuchangamsha ila inavuruga usingizi na kesho yake unaamka na huzuni na wasiwasi ambao haujulikani umetoka wapi. Angalia mstari wa Jumapili kwenye daftari lako utanielewa.

Cha pili ni damu, na hapa naomba wadada mnisikilize. Hedhi nzito kila mwezi, mlo wenyewe chipsi kavu na soda, na chai ya rangi juu ya kila chakula (chai inapunguza madini ya chuma mwili unayopata kwenye mboga na maharage, bora uinywe saa moja kabla au baada), hapo damu inashuka taratibu unaanza kuchoka, moyo unaenda mbio ukipanda ngazi mbili, huna hamu na lolote, na wote nyumbani wanasema umekuwa mvivu. Kipimo cha wingi wa damu ni cha kawaida kabisa. Mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12 (kwenye karatasi ya majibu huandikwa g/dL) ana upungufu, mwanaume chini ya 13. Kama unasikia baridi Dar hii hii, unanenepa bila kula sana na choo kigumu, muulize daktari kuhusu tezi ya shingo pia. Na kama mudi inashuka ile wiki kabla ya siku zako afu ikirudi ukishaanza, au ilibadilika tangu ulipoanza sindano au vidonge vya uzazi wa mpango, mwambie nesi hivyo hivyo, njia za kubadilisha zipo.

Afu kuna madeni. Mtu anakwambia niko chini bila sababu wakati simu imejaa meseji za mikopo ya mtandaoni zinamtishia kumtangaza kwa ndugu zake. Hiyo ni sababu, iandike.

Sasa wakati unachunguza unafanyaje? Usisubiri hamu ndo ufanye kitu, kwa mtu aliye chini hamu huwa inakuja nyuma ya kitendo. Chagua vitu vidogo mpaka vinachekesha. Fungua pazia ukiamka, vyumba vyetu vingi vya kupanga vina giza mchana kweupe na mwili unahitaji mwanga wa asubuhi kujua siku imeanza. Oga kabla ya saa nne hata kama huendi popote. Kanunue vitumbua mwenyewe badala ya kumtuma dogo. Shuka kituo kimoja kabla ya chako utembee, jua likishapoa lakini, sisemi saa saba mchana mwezi wa pili. Kutembea kwa haraka karibu kila siku kunasaidia mudi kweli.

Na ongea na mtu. Shida ya mjini ukimtafuta mtu ghafla anajua unakuja kupiga mzinga, kwaiyo mtoe wasiwasi mapema: "Kaka, siko sawa siku hizi. Sio ishu ya hela. Naomba tukae hata nusu saa." Akianza kukuhubiria, mwambie unataka akusikilize tu.

Kama huzuni au kukosa hamu imekaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku na sehemu kubwa ya siku, na imeanza kugusa kazi, chuo au kula, nenda hospitali. Amana, Temeke, Mwananyamala, popote palipo karibu, na Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili. Ila ukifika usiseme kichwa kinauma, utapimwa malaria utapewa panadol urudi nyumbani. Sema hivi: "Daktari, wiki tatu hizi sina hamu ya kitu, usingizi wa shida, nalia bila sababu." Mwoneshe na daftari.

Ukianza kuwaza kufa, au kwamba watu watapumzika usipokuwepo, hiyo haisubiri wiki mbili. Nenda siku hiyo hiyo mapokezi ya dharura, usibaki peke yako usiku huo, na dawa zilizopo ndani mpe mtu akutunzie. Ukikwama kabisa hujui uende wapi, piga 199, ni namba ya bure ya Wizara ya Afya.

La mwisho ni hizi dawa za usingizi watu wanazochukua duka la dawa kwa kuelekezana. Zinakupa usiku mmoja mzuri, afu ukizizoea huwezi kulala bila hizo. Dawa za sonona (ugonjwa wa huzuni na kukosa hamu usioisha) zenyewe zinaandikwa na daktari na huwa zinachukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti, kwaiyo wiki ya kwanza ukiona kimya usizitupe, na ukipata nafuu usikate ghafla, rudi kwa aliyekuandikia akupunguzie taratibu.