Kupima damu iliyojificha kwenye choo kikubwa

Kwa kipimo cha kadi ya guaiac (kadi inayopakwa choo na kuonyesha damu kwa rangi ya buluu), acha nyama nyekundu siku 3 kabla, pamoja na vitamini C inayozidi miligramu 250 kwa siku. Nyama huonyesha damu isiyo yako. Vitamini C huificha iliyopo, na hilo ndilo baya zaidi.

Kinga choo kwa chombo kikavu, kisiguse maji wala mkojo. Chota kwa kijiti sehemu mbili tofauti, maana damu haichanganyiki sawasawa, kisha paka utando mwembamba. Ukibandika tonge, rangi ya buluu haisomeki vizuri. Rudia hadi upate vyoo vya siku 3. Aliye kwenye hedhi asubiri imalizike.

Choo cheusi kama lami, kinachonata na kunuka vikali, hakingoji kadi: nenda hospitali mara moja.