Somo: Namna ya kupata mkutano wa AA ukiwa Moshi au Arusha

Wakuu habari zenu. Somo hili ni la yule anayetaka kuacha pombe ila hajui aanzie wapi, na la mke, mama au mdogo wake anayemtafutia. Kitu kimoja kieleweke kabla ya vyote, huhitaji kuwa umeshaacha ndo uende. AA, yaani Alcoholics Anonymous, vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, ilianza 1935 kule Akron, Ohio, Marekani, watu wawili waliosumbuliwa na pombe, mmoja wa mambo ya hisa mwingine daktari wa upasuaji, waligundua wakikaa wakaongea wenyewe kwa wenyewe siku inaisha bila kunywa. Mpaka leo sharti ni moja tu, uwe na nia ya kuacha. Hakuna ada, huulizwi dini wala kabila.

Hatua ya 1: mwili kwanza
Hapa naomba msome taratibu. Kama unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate kidogo ndo itulie, usiache ghafla peke yako nyumbani, inaua. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuanzia siku ya pili mpaka ya nne hivi mtu anaweza kuchanganyikiwa kabisa, anaona wadudu ukutani, anaongea na watu ambao hawapo, na huku kwetu familia inasema karogwa inamkimbiza kwenye maombi wakati anatakiwa hospitali usiku huohuo. Moshi kuna KCMC na Mawenzi, Arusha kuna Mount Meru. Mwambie daktari ukweli, usiseme nakunywa kidogo kidogo, sema ni konyagi au gongo au mbege, kiasi gani kwa siku na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi, kwa sababu dawa za kutuliza na vitamini B1 anazipanga kwa kufuata hayo.

Hatua ya 2: uliza ukiwa hapohapo
Kabla hujatoka hospitali ulizia kitengo cha afya ya akili na afisa ustawi wa jamii. Sema wazi, "natafuta kikundi cha kuacha pombe, AA." Ulizia na soba hausi za karibu, yaani nyumba wanakokaa watu wanaoacha ulevi, nyingi zinafuata hatua 12 za AA, mwongozo wao wa kuacha pombe, ila uliza kama mtu wa nje anaruhusiwa kukaa kwenye mkutano wao.

Hatua ya 3: simu yako
Pakua programu inaitwa Meeting Guide, ni ya AA wenyewe na ni bure, au ingia aa.org. Kuna mikutano ya Zoom karibu kila saa, mingi kwa Kiingereza. Angalia saa vizuri, ikiandika 19:00 kwa saa za Nairobi ni saa moja usiku yetu, watu wanakosa mkutano kwa hiki kitu kidogo. Ukiona Open, hata ndugu anaingia, Closed ni kwa wenye shida ya pombe tu.

Hatua ya 4: piga simu kwanza halafu nenda
Ratiba na sehemu hubadilika, usipande tu daladala. Ukikuta ni chumba cha kanisa usiogope, vikundi vingi huazima tu chumba. Unataja jina la kwanza basi, na ukitaka kunyamaza nyamaza. Unaogopa kuonekana? Moshi mji mdogo najua, panda Coaster nenda Arusha, ni kama kilomita 80, na wa Arusha aje Moshi.

Na kama karibu yako hakuna kabisa, wawili au watatu wenye nia wakikaa pamoja kwa ajili ya kuacha wanaweza kujiita kikundi cha AA. Tafuteni sehemu tulivu isiyo na baa jirani.

MASWALI YA WANACHAMA

*Dada wa Pasua: Mume wangu hataki hata kusikia. Nifanyeje?*
Pole sana dada. Nenda wewe. Kuna Al-Anon, toka 1951, ni ya ndugu wa wanywaji, na mikutano ya mtandaoni ipo. Ila usimfungie pombe ghafla, rudi usome hatua ya 1.

*Mdau wa Ngarenaro: Nikiwa nimekunywa asubuhi, jioni niende?*
Nenda kaka. Vikundi vingi watakuomba siku hiyo usikilize tu usiongee. Usisubiri siku utakayokuwa msafi, hiyo siku ndo unaenda kuitafuta kule.

*Kijana wa Kibosho: Shikamoo mzee. Kwetu kikao cha ukoo bila mbege hakipo, kata ikinifikia nakataaje?*
Marahaba mwanangu. Mbege ni ndizi na ulezi lakini ni pombe, mwili hauangalii mila. Ongea mapema na mzee mmoja anayekupenda, akujibie yeye. Shika soda toka mwanzo, na wakianza kukushikia bango, aga uondoke, heshima yako haipungui.

*Mdau wa Sakina: Mimi Muislamu, si watanibatiza?*
Hapana ndugu yangu. Zile hatua 12 za AA zinamtaja Mungu kwa jinsi kila mtu anavyomuelewa, AA sio dhehebu.

*Mama wa Majengo: Kesho nampeleka kijana Mawenzi, naanzia wapi?*
Mama anzia mapokezi, mfungulie faili, sema ni tatizo la pombe na unaomba afya ya akili. Beba kadi ya bima kama anayo. Usiku huu akipata degedege msisubiri kesho, mpelekeni dharura sasa hivi.